Dom Augustin Calmet, Abate Aliyechunguza Habari za Vampaya

Vijana wengi wa parokia zetu wanaifahamu filamu ya Twilight, iliyotoka mwaka 2008 kutokana na riwaya ya Stephenie Meyer, pamoja na nyingine nne zilizoifuata hadi mwaka 2012. Ni kisa cha mapenzi. Bella Swan, msichana aliyehamia mji mdogo wa Forks katika jimbo la Washington, Marekani, anampenda Edward Cullen, ambaye kwa sura ni kijana wa miaka 17 lakini kwa kweli ni vampaya, yaani mfu anayeishi kwa kunywa damu. Pembeni yupo Jacob Black, kijana wa kabila la Waquileute mwenye kugeuka mbwamwitu, naye pia anampenda Bella. Kama ni halali kwa kijana Mkatoliki kuitazama filamu hiyo ama sivyo, swali hilo tunawaachia wazazi na waungamishi. Kuna jambo lingine ndani yake linalotuhusu zaidi. Edward anakataa kumgeuza Bella awe vampaya kama yeye, kwa sababu anaamini kwamba vampaya amekwisha kupoteza roho yake. Hapo kijana aliyekwenda kutazama mapenzi anakutana, bila kutarajia, na swali la katekisimu: mtu akifa, roho yake iko wapi, na mwili wake ni wa nani?

Zaidi ya miaka 270 iliyopita swali hilohilo liliulizwa huko Ulaya, wala halikuwa mchezo wa sinema. Liliulizwa na wanakijiji wenye majembe mikononi, wamesimama makaburini. Na mmoja wa watu waliojaribu kulijibu kwa kitabu kizima alikuwa padre, mmonaki na mwalimu wa Maandiko Matakatifu: Dom Augustin Calmet, Abate wa Senones. Waseminari wa zamani walimfahamu kwa maelezo yake ya Biblia. Siku hizi jina lake linatajwa zaidi na wapenzi wa hadithi za kutisha, jambo ambalo lingemshangaza sana mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 26 Februari 1672 katika kijiji cha Ménil-la-Horgne, karibu na Commercy, katika nchi ya Lorraine. Leo hiyo ni sehemu ya Ufaransa, lakini wakati huo Lorraine ilikuwa na mtawala wake. Alibatizwa kwa jina la Antoine. Masomo ya kwanza aliyapata kwa Wabenediktini wa priori ya Breuil hapo Commercy, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pont-à-Mousson kilichoongozwa na Wajesuiti. Waliotegemea kwamba angebaki na Wajesuiti walikosea. Alirudi kwa Wabenediktini, akaingia Abasia ya Mtakatifu Mansuy mjini Toul, na tarehe 23 Oktoba 1689, akiwa na umri wa miaka 17, akaweka nadhiri na kuchukua jina la Augustin. Shirika lake liliitwa Saint-Vanne. Wasomaji wetu wa Peramiho, Ndanda au Hanga wakumbuke tu kwamba Kanuni aliyoifuata ni ileile ya Mtakatifu Benedikto inayosomwa huko kwao.

Katika masomo yake ya upadre likatokea jambo ambalo mafrateri wanaolalamikia Kiebrania wangependa kulisikia. Calmet alikuta kitabu cha sarufi ya Kiebrania kilichoandikwa na Buxtorf, Mprotestanti, akaanza kujifunza peke yake. Alipokwama, wakubwa wake walimruhusu kwenda kwa mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyeijua lugha hiyo. Katika nchi ambayo babu zao Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamechinjana, kijana mmonaki anakwenda kwa mchungaji kufundishwa lugha ya Musa. Upadrisho aliupata tarehe 17 Machi 1696. Muda mfupi baadaye alitumwa Abasia ya Moyenmoutier kufundisha falsafa na teolojia, na huko ndiko alikoanza kukusanya maelezo juu ya kitabu kimoja cha Biblia baada ya kingine.

Alianza kuyaandika kwa Kilatini, kama wasomi wote. Mabillon, Mbenediktini mwenzake aliyekuwa mwanahistoria mkubwa kuliko wote wa wakati ule, akamshauri aandike kwa Kifaransa ili wengi wapate kusoma. Ushauri huo ulimfanya awe mtu mashuhuri. Kati ya mwaka 1707 na 1716 yalitoka mjini Paris mabuku 23 ya maelezo ya Agano la Kale na Agano Jipya. Baadaye ikafuata kamusi ya Biblia, iliyotafsiriwa katika lugha nyingi, ikatumiwa hata na Waprotestanti. Njia yake ilikuwa ya wazi: kwanza atafute maana halisi ya maneno, mambo ya rohoni yafuate. Alitaka kujua mizani za Waebrania, nyumba zao, fedha zao, magonjwa yao.

Hapo ndipo tunapokutana na mbwamwitu. Katika sura ya nne ya Kitabu cha Danieli, Mfalme Nebukadneza anafukuzwa mbali na watu, anakula majani kama ng'ombe, nywele zake zinakuwa kama manyoya ya tai na kucha zake kama za ndege. Wako waliosoma kwamba mwili wa mfalme uligeuka mwili wa mnyama. Calmet aliandika tasnifu maalumu juu ya habari hiyo. Aliona kwamba Mungu alimwadhibu mfalme kwa ugonjwa wa akili, ule ambao waganga wa zamani waliutaja kwa watu wanaojidhania kuwa mbwamwitu na kutangatanga usiku. Mfalme alijiona ng'ombe, akaishi kama ng'ombe, lakini mwili ulibaki wa mtu, na roho ikabaki ya mtu. Adhabu ni ya kweli, na Mungu ndiye aliyeileta. Kilichokanushwa ni mtu kugeuka mnyama. Ni vema kuikumbuka hukumu hiyo, maana miaka mingi baadaye atafanya vilevile kwa vampaya, ingawa kwa shida zaidi.

Vyeo vilimfuata bila yeye kuvitafuta. Aliongoza priori ya Lay-Saint-Christophe, kisha mwaka 1718 akawa abate wa Mtakatifu Leopold mjini Nancy, na mwaka 1728 akachaguliwa kuwa abate wa Senones, abasia ya kale katika milima ya Vosges. Mwaka huohuo ilitoka historia yake ya Lorraine. Papa Benedikto XIII alitaka kumfanya askofu, naye akaomba aachwe. Alibaki Senones karibu miaka 30, akiijaza maktaba ya abasia vitabu, akijibu barua za wasomi kutoka kila upande.

Barua hizo ndizo zilizomletea habari za wafu.

Ili kuelewa, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1718, kwa Mkataba wa Passarowitz, Waturuki waliwaachia Waaustria sehemu ya Serbia. Maofisa na madaktari wa jeshi la Austria walipofika katika vijiji vya mpakani walikuta desturi ambayo hawakuijua. Watu wakianza kufa mfululizo kwa ugonjwa usiojulikana, lawama huwekwa juu ya mtu aliyetangulia kufa. Husemwa kwamba anatoka kaburini usiku, anawakaba walio hai na kuwanyonya damu. Kaburi hufukuliwa. Maiti ikikutwa haijaoza, ina damu mdomoni na kucha zinaonekana mpya, huchomwa kigingi cha mti kifuani, kisha huteketezwa.

Mwaka 1725 ofisa mmoja aliandika ripoti ya namna hiyo juu ya Petar Blagojević wa kijiji cha Kisiljevo. Mwaka 1732 ikaja ripoti kubwa zaidi kutoka kijiji cha Medveđa. Mtu aliyeitwa Arnaut Pavle, katika ripoti hizo Arnold Paole, alianguka kutoka gari la majani makavu akavunjika shingo. Enzi za uhai wake aliwahi kusimulia kwamba alisumbuliwa na vampaya huko Kosovo, na kwamba ili apone alikula udongo wa kaburi la yule mfu na kujipaka damu yake. Alipokwisha kufa wanakijiji wakadai anawatokea. Siku 40 hivi baada ya maziko walimfukua, wakamchoma kigingi, wakamteketeza. Miaka mitano baadaye vifo vikaanza tena, watu 17 katika miezi mitatu, ndipo jeshi likamtuma daktari Johann Flückinger. Makaburi yakafunguliwa, moja baada ya jingine. Ripoti yenye tarehe ya Januari 1732 inaorodhesha waliofukuliwa kana kwamba ni daftari la hospitali. Yumo Stana, mwanamke wa miaka 20 aliyefariki baada ya kujifungua. Mtoto wake alikufa pia, akazikwa juujuu, mbwa wakamla nusu. Miili iliyoonekana haijaoza ilikatwa vichwa, ikachomwa moto, na majivu yake yakatupwa katika mto Morava.

Tusiipite habari ya Stana haraka. Mama huyo alizaa, akafiwa, akafa, akazikwa. Na miezi michache baadaye watu wa kijiji chake wenyewe, pengine walioimba kwenye maziko yake, wakamtoa na kumkata kichwa. Walifanya hivyo kwa hofu, si kwa ukatili tu. Watoto wao walikuwa wanakufa, na hakuna aliyewapa sababu nyingine.

Magazeti ya Ujerumani na Ufaransa yaliichapa ripoti hiyo, na neno vampaya likaingia katika lugha za Ulaya ya Magharibi. Wanafalsafa wakacheka. Madaktari wakabishana. Lakini watu wa Lorraine walikuwa na sababu ya kuisikia habari hiyo kwa karibu: maofisa wengi wa Lorraine walitumikia katika majeshi ya Austria, na mwaka 1736 mtawala wao, Francis, alimwoa Maria Theresa, mrithi wa Austria. Calmet alimhoji bwana mmoja, de Vassimont, mshauri wa serikali aliyewahi kutumwa Moravia. Huyo alisimulia aliyoyasikia kule: kwamba mfu huweza kuja mezani, akaketi kimya kati ya jamaa zake, akamtikisia mmoja wao kichwa, na aliyetikisiwa hufa siku chache baadaye. Padre mmoja mzee wa huko alimhakikishia kwamba ni kweli. Na akaongeza jambo ambalo abate aliliandika kwa uangalifu: maaskofu na mapadre wa nchi ile waliandika Roma kuuliza wafanye nini, wala hawakupata jibu, maana inaonekana Roma waliyahesabu mambo hayo kuwa ni ndoto tupu.

Tukisema kweli, inawezekana kabisa kwamba kukosa jibu huko ndiko kulikomsukuma Calmet kuandika. Hakuna mtu aliyekuwa na haki zaidi ya kunyamaza. Alikuwa na miaka 74, jina lake lilikuwa limekwisha kujengwa juu ya Biblia, na wenzake walimwambia kwamba jambo hilo lingemharibia sifa. Mwaka 1746 akachapisha mjini Paris tasnifu zake juu ya matokeo ya malaika, pepo na roho, na juu ya wafu wanaorudi na vampaya wa Hungaria, Bohemia, Moravia na Silesia. Alitangaza tangu mwanzo nia yake: kama habari hizo ni za kweli, lazima zithibitishwe, kama ni za uongo, dini yenyewe inadai watu watolewe katika kosa hilo.

Kitabu hicho si rahisi kusoma. Kina visa juu ya visa, vingine vizuri, vingine ni porojo za wasafiri, na mara nyingi mwandishi anaviweka kimoja baada ya kingine bila kusema kipi ana imani nacho. Sehemu ya kwanza inapitia Maandiko: Samueli aliyemtokea Sauli huko Endori, malaika waliowatembelea mababu, Musa na Elia mlimani. Hapo Calmet yuko nyumbani. Hakubali kwamba matokeo yote ni ndoto, maana angeikana Biblia. Lakini akifika kwa vampaya anabadilika, anakuwa kama hakimu mzee anayewahoji mashahidi.

Swali lake kubwa ni la kawaida kabisa, la mkulima. Maiti imelala chini ya udongo mzito wa futi kadhaa. Ikitoka, mbona udongo haujavurugika? Ikirudi, inapitaje? Nani aliyewahi kuiona ikitoka? Mashahidi wote walisema walimwona mfu chumbani, au waliona maiti kaburini. Hakuna hata mmoja aliyemwona akiwa njiani. Na kama hautoki mwili wenyewe bali kivuli chake, basi damu iliyokutwa kaburini imefikaje huko?

Kisha akatafuta sababu za asili. Udongo wa mahali pengine hukausha miili. Alitaja mji wa Toulouse, ambako miili iliyowekwa chini ya kanisa la Wafransisko ilidumu miaka mingi bila kuoza. Damu inaweza kubaki majimaji. Nywele na kucha huonekana kama zimeendelea kukua. Watu wengine huzikwa kabla hawajafa, jambo lililomsumbua sana. Na mgonjwa mwenye homa, aliyekwisha kusikia hadithi ya vampaya tangu utotoni, atamwona vampaya. Kwa wakati wake, majibu hayo yalikuwa mazuri.

Lakini kwa mseminari sehemu yenye uzito ni nyingine. Calmet aliona kwamba ishara ileile, yaani mwili usiooza, ilisomwa kwa namna mbili zinazopingana. Kwetu sisi wa Kanisa la Kilatini, mwili wa mtu mwema ukikutwa haujaharibika hudhaniwa kuwa dalili ya utakatifu. Kwa Wagiriki wengi wa wakati ule, maiti isiyooza ilikuwa ya mtu aliyetengwa na Kanisa, ambaye ardhi inamkataa. Alinukuu habari za msafiri Tournefort aliyeshuhudia kisiwani Mykonos jinsi watu walivyoisumbua maiti moja kwa siku nyingi, hadi wakaichoma. Je, mwili uleule ukizikwa Roma ni wa mtakatifu, ukizikwa Mykonos ni wa shetani? Basi mwili peke yake hausemi kitu. Na kumrudishia mfu uhai ni kazi ya Mungu tu. Manabii Elia na Elisha walifufua kwa kumwomba yeye; shetani hana uwezo huo, na Mungu hawezi kufikiriwa kuwa anatoa muujiza wa ufufuko ili mtu amnyonye damu jirani yake. Abate alisimama hapo. Vampaya akikubaliwa, ufufuko unageuzwa kuwa mzaha.

Toleo la kwanza lilimletea lawama kwamba amesadiki mno, na lawama hizo zilikuwa na sababu, maana hukumu yake ilifichika chini ya wingi wa visa. Alipoandika upya mwaka 1751 alisema wazi zaidi kwamba haamini vampaya wanatoka makaburini. Wengine walikuwa wamefika hapo kwa njia fupi zaidi. Askofu Mkuu Giuseppe Davanzati wa Trani, Italia, aliona yote ni mawazo tu, akauliza mbona vampaya huwasumbua wakulima na si wasomi. Papa Benedikto XIV naye alilihesabu jambo hilo kuwa ubatili. Walikuwa sahihi. Hata hivyo mkulima wa Moravia aliyezika watoto watatu asingefarijika kuambiwa kwamba anafikiri hivyo kwa sababu hakusoma. Ubora wa Calmet, kwa maoni yetu, ni kwamba alimpa mkulima huyo nafasi ya kusema hadi mwisho kabla ya kumwambia kuwa amekosea.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuwacheka watu wa Medveđa. Neno mumiani limo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani: dawa nyeusi iliyosadikiwa kutengenezwa kwa damu ya watu, kisha likawa jina la wanaosemekana kuinyonya damu hiyo. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea kutoka pwani hadi Uganda na Kongo. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walioshukiwa kuchukua damu za watu walikuwa pamoja na Mapadre Weupe, wamisionari wetu wenyewe. Na mwaka 2017, kusini mwa Malawi, makundi ya watu yaliwaua watu kadhaa wakiwadhania kuwa wanyonya damu. Hawa hawakuwa maiti. Walikuwa watu hai, na yote hayo yalitokea baada ya filamu zote tano za Twilight kwisha kutoka.

Tumrudie abate. Mwaka 1754 alipata mgeni wa ajabu: Voltaire, adui mkubwa wa wamonaki, alifika Senones akakaa wiki kadhaa. Alifuata maktaba. Wamonaki walimtafutia vitabu, naye akasoma na kunakili, na inaonekana mzee Calmet alimpokea kwa ukarimu ambao Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaudai kwa kila mgeni. Katika miaka ya 1770, mwenyeji wake akiwa ameshafariki, Voltaire aliandika makala juu ya vampaya akimfanyia dhihaka kwa kuwa aliandika historia yao, na akaongeza kwamba wanyonya damu wa kweli ni wamonaki, wanaokula kwa gharama ya wafalme na ya watu. Alikuwa amekula mezani pao.

Jambo kubwa zaidi lilitokea mwaka 1755. Katika kijiji cha Hermersdorf, mpakani mwa Moravia na Silesia, maiti ya mwanamke aitwaye Rosina Polakin ilifukuliwa na kuteketezwa kwa kushukiwa kuwa vampaya. Maria Theresa, Mkatoliki mwenye imani thabiti, alituma madaktari, na daktari wake mkuu, Gerard van Swieten, Mkatoliki pia, akamwandikia kwamba hapakuwa na kitu kaburini isipokuwa kazi ya asili na ujinga wa watu. Malkia akatoa amri: hakuna kufukua wala kuchoma maiti tena kwa sababu hiyo bila serikali kuchunguza. Calmet alikuwa na umri wa miaka 83. Alichokuwa amekitafuta kwa hoja, malkia alikileta kwa amri.

Alifariki Senones tarehe 25 Oktoba 1757. Mpwa wake, Dom Augustin Fangé, alimrithi kama abate, na mwaka 1762 akachapisha maisha ya mjomba wake.

Kitabu chake kilipata bahati ambayo hakuikusudia. Mwaka 1819 ilipotoka Uingereza hadithi ya Polidori juu ya vampaya bwana mkubwa, mwenye adabu na sura ya kuvutia, utangulizi wake ulimtaja Calmet kwa jina. Baadaye wakafuata wengine: Le Fanu na Carmilla mwaka 1872, Bram Stoker na Dracula mwaka 1897, hadi kufika Edward Cullen wa Forks. Njiani mkulima alipotea. Vampaya wa Medveđa alikuwa mwanakijiji maskini mwenye sanda chafu, aliyewarudia jamaa zake. Wa sinema ni tajiri, kijana, na anapendwa. Abate alikusanya visa ili avizime, na waliokuja nyuma yake walivikuta vimepangwa vizuri, tayari kwa matumizi.

Abasia ya Senones haikudumu sana baada yake. Mwaka 1793 mji ulichukuliwa na Ufaransa ya Mapinduzi, wamonaki wakatawanywa, na majengo yakawa kiwanda cha nguo. Vitabu vilihamishwa. Katika kanisa la parokia la Senones lipo kaburi la ukumbusho wa Dom Calmet, lililochongwa na Alexandre Falguière katika karne ya 19, na waamini wa mji ule hulipita wanapokwenda Misa humo.